Kubana, Kulazimisha na Kukamua: Msamiati wa Shinikizo katika Kidenmaki na Visawe Vyake

1.0 Utangulizi

Kila jamii ina njia za kumfanya mtu atende jambo asilolitaka, na kila lugha ina maneno ya kuzitaja njia hizo. Kuna kumsihi mtu, kuna kumhimiza, kuna kumbana, kuna kumlazimisha, na kuna kumtisha ili atoe mali yake. Vitendo hivi hufuatana kama vidato vya ngazi moja. Hata hivyo, mahali kidato kimoja kinapokoma na kingine kuanza hapafanani katika lugha zote, na hapo ndipo mfasiri hujikwaa.

Mhadhara huu unachunguza ngazi hiyo katika Kidenmaki, lugha ya tawi la kaskazini la Kijerumaniki inayozungumzwa na watu wapatao milioni 6, wengi wao wakiwa Denmark. Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akauliza lugha hiyo inamhusu nini. Jibu ni kwamba Denmark wamo wasemaji wa Kiswahili, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo waliopokewa kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa. Lugha ya mahakama za nchi hiyo ni Kidenmaki. Msemaji wa Kiswahili anapohojiwa na polisi, daktari au ofisa wa ustawi wa jamii, maneno yake hupita kinywani mwa mkalimani. Na mkalimani aliyesomea lugha za kigeni Afrika Mashariki mara nyingi huyapitisha kwanza katika Kiingereza, hata kama ni kichwani tu. Katika safari hiyo ya vituo viwili, tofauti baina ya kushinikizwa, kulazimishwa na kutishiwa yaweza kupotea, nayo ndiyo tofauti ambayo sheria huitazama kwanza.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Katika Kidenmaki picha ya kitu kinachobanwa bado inaonekana ndani ya maneno yenyewe, na viambishi huonyesha nguvu inaelekea wapi. Kiingereza kimeificha picha hiyo ndani ya maneno yaliyotoka Kilatini. Kiswahili, kwa upande wake, kina nyenzo zinazokaribiana na za Kidenmaki kuliko inavyodhaniwa. Mfasiri anayepitia Kiingereza hupoteza msaada ambao lugha yake mwenyewe ingempa.

2.0 Vidato vya chini: 'tryk', 'pres' na 'nøde'

Neno la Kiingereza 'pressure' lina visawe viwili vikuu katika Kidenmaki, yaani 'tryk' na 'pres'. 'Tryk' hutumika zaidi kwa nguvu za kimaumbile: 'lufttryk' ni mgandamizo wa hewa, na 'blodtryk' ni shinikizo la damu. Kitenzi chake, 'trykke', ni kubonyeza kwa kidole au kugandamiza kwa mashine, na kwa sababu hiyo pia ni kupiga chapa. Wanaisimu wa Denmark hulitumia neno hilohilo 'tryk' kutaja kile ambacho Kiswahili hukiita mkazo wa neno. Lugha zote mbili zimepata istilahi hiyo katika kitendo cha mwili: moja kutokana na kugandamiza, nyingine kutokana na kukaza. Neno hili huingia katika mambo ya kijamii linapotanguliwa na 'under', yaani chini. 'Undertrykke' ni kukandamiza, kama mtawala anavyokandamiza raia, na hapo Kiingereza husema 'oppress' au 'suppress'.

'Pres', kwa upande mwingine, ni shinikizo la kijamii. 'Tidspres' ni shinikizo la muda, 'arbejdspres' ni la kazi, na 'gruppepres' ni lile la kundi la wenzi, ambalo kijana hulipata anapoambiwa kwamba wote wanafanya hivyo isipokuwa yeye. Husemwa pia 'lægge pres på nogen', kuweka shinikizo juu ya mtu. Jambo la kuzingatia ni kwamba 'pres' peke yake halibebi hukumu. Chama cha wafanyakazi huweka shinikizo juu ya mwajiri, wapiga kura juu ya mbunge, na mzazi juu ya mtoto anayechelewa shule. Anayeshinikizwa hubaki na uwezo wa kukataa, ingawa kukataa kwake kuna gharama.

Chini zaidi ya hapo pana kitenzi 'nøde', kinachohusiana na nomino 'nød', yaani dhiki au uhitaji. Mwenyeji humfanyia mgeni 'nøde' anapomshikilia aongeze chakula, na mgeni anayekataa mara mbili hukubali mara ya tatu kwa heshima. Kiingereza husema 'urge' au 'press'. Kutokana na kitenzi hicho limepatikana umbo 'nødt', ambalo hutumika kila siku katika usemi 'være nødt til', yaani kulazimika au kutokuwa na budi. Msemaji anapotumia usemi huu hamtaji mtu aliyemlazimisha. Hali yenyewe ndiyo iliyomfikisha hapo.

3.0 Kidato cha kati: 'tvinge' na 'tvang'

Kitenzi 'tvinge' ni kulazimisha, nacho ni ndugu wa Kijerumani 'zwingen'. Nomino 'en tvinge', yenye umbo sawa na kitenzi, ni kifaa cha seremala cha kubania mbao zilizopakwa gundi, kifaa cha jamii ya jiliwa. Mdenmaki anayetaja kitendo cha kulazimisha na anayeomba apewe kibanio karakana wanatamka sauti zilezile. Ubao uliobanwa katika kifaa hicho hausogei mpaka skrubu ilegezwe. Ndivyo ilivyo maana ya 'tvinge': uwezo wa kukataa umeondolewa, au umefanywa kuwa wa jina tu.

Nomino ya dhana yenyewe ni 'tvang'. Kiingereza huitafsiri kwa maneno mengi kulingana na muktadha: 'coercion', 'compulsion', 'force', na mara nyingine 'duress'. Katika Kidenmaki neno hilo moja huunganishwa na mengine na kuzaa orodha ndefu. 'Tvangsarbejde' ni kazi ya kulazimishwa. 'Tvangsægteskab' ni ndoa ya kulazimishwa. 'Tvangsauktion' ni mnada wa lazima wa mali ya mdaiwa. 'Tvangsbøder' ni faini zinazotozwa mfululizo mpaka mtu atekeleze alichoamriwa. 'Tvangsindlæggelse' ni kulazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili bila ridhaa. Hata nafsi yaweza kujilazimisha: 'tvangstanker' ni mawazo yanayomrudia mtu bila yeye kuweza kuyazuia.

Orodha hii inaonyesha kwamba 'tvang' si lazima iwe kosa. Mnada wa mdaiwa huamriwa na mahakama, na mgonjwa hulazwa kwa mujibu wa sheria. Sheria ya mwaka 1989 inayosimamia matibabu ya akili nchini Denmark imelitia neno 'tvang' katika jina lake kamili, ili ieleweke wazi kwamba kinachofanywa ni kulazimisha, na kwamba kila tendo la namna hiyo linahitaji msingi wa kisheria. Swali linaloulizwa kuhusu 'tvang' ni nani aliyempa mtendaji mamlaka.

Uzito wa neno hili huonekana pia pale linapokwepwa. Mtoto anapochukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wasiokubali, watu wa kawaida husema 'tvangsfjernelse', kuondolewa kwa nguvu. Lugha rasmi husema mtoto amewekwa nje ya nyumba yao bila ridhaa. Tendo ni lilelile, lakini neno moja linatazama mkono unaotwaa, na jingine linatazama saini iliyokosekana. Katika elimu mambo ni tofauti. Kwa mujibu wa katiba ya mwaka 1953, mzazi anayempa mtoto wake mafunzo yanayolingana na yale ya shule ya umma halazimiki kumpeleka katika shule hiyo. Ndiyo maana Wadenmaki husema 'undervisningspligt', wajibu wa mafunzo. 'Pligt' ni wajibu: hutoka katika sheria au dhamiri, na humwachia mtu namna ya kuutimiza. 'Tvang' haimwachii.

4.0 Viambishi vinavyoonyesha mwelekeo

Kidenmaki huongeza vipashio vidogo mbele ya mizizi hii ili kuonyesha nguvu inaelekea wapi. 'På' ni juu ya: 'påtvinge' ni kumtwika mtu jambo asilolitaka, kama vile kumtwika dini au mapenzi ya mtu mwingine. 'Frem' ni mbele: 'fremtvinge' ni kulifanya jambo litokee kwa nguvu, kama vyama vya siasa vinavyosababisha uchaguzi uitishwe kabla ya wakati. 'Til' ni kuelekea: 'tiltvinge sig adgang' ni kujipatia njia ya kuingia kwa nguvu. 'Af' ni kutoka kwa: 'aftvinge' ni kumtoa mtu ahadi au ungamo ambalo hakutaka kulitoa.

Kiambishi hiki cha mwisho ndicho kinachounda neno zito kuliko yote katika uwanda huu. 'Presse' ni kukamua, kama mtu akamuavyo limau. 'Afpresse' ni kumkamua mtu kitu kitoke kwake. Na 'afpresning' ni kosa la kujipatia faida kwa vitisho. Msemaji hahitaji elimu ya Kilatini kuelewa neno hilo. Limau limo ndani yake.

Semi za watu zinafuata picha hiyohiyo. Mwenye siri ya mwenzake husemwa 'kuwa na kibano juu yake'. Anayetoa sharti la mwisho husemwa 'kumwekea mtu kiti mbele ya mlango', na anayedai bila huruma 'kumwekea kisu kooni'. Na jambo linapokusudiwa kufanyika mtu akitaka asitake, Wadenmaki husema litakuwa 'med det gode eller med det onde', yaani kwa wema au kwa ubaya. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja usemi wake mwenyewe: kwa heri au kwa shari.

5.0 Mipaka inayochorwa na sheria

Kanuni ya adhabu ya Denmark ilipitishwa mwaka 1930 na kuanza kutumika mwaka 1933, nayo imerekebishwa mara nyingi. Vifungu vitatu vinahusika hapa.

Kifungu cha 260 kinahusu 'ulovlig tvang', kulazimisha kusiko halali. Anayetumia ukatili, au tishio la ukatili, la uharibifu mkubwa wa mali, la kumnyima mtu uhuru, la kumsingizia kosa au la kufichua mambo yake ya faragha, ili kumfanya mtu atende, avumilie au aache jambo, anaweza kufungwa hadi miaka 2. Ikiwa jambo lililolazimishwa ni ndoa, kifungo kinaweza kufikia miaka 4.

Kifungu cha 281 kinahusu 'afpresning'. Vitisho ni vya jamii ileile, ila hapa mtendaji anakusudia kujipatia, au kumpatia mwingine, faida asiyostahili. Tofauti baina ya 'tvang' na 'afpresning' basi si ukali wa tishio. Tofauti ni kile kinachotafutwa: katika la kwanza ni utii, katika la pili ni mali.

Kifungu cha 288 kinahusu 'røveri', unyang'anyi. Mwenye kutwaa mali kwa ukatili, au kwa tishio la ukatili utakaotendwa papo hapo, ni mnyang'anyi. Anayesema 'nipe fedha sasa, la sivyo nitakupiga' ametenda 'røveri'. Anayesema 'ulete fedha kufikia Ijumaa, la sivyo duka lako litaungua' ametenda 'afpresning'. Saa ya tishio ndiyo inayoamua.

Neno la Kidenmaki la kutishia ni 'true', na tishio ni 'trussel'. Msomaji wa Kiingereza na ajihadhari, kwani 'true' ya Kiingereza ni kweli. Mkanganyiko huu wa herufi unakumbusha swali gumu la kisheria: je, kutishia kusema kweli ni kosa? Sheria ya Denmark hujibu kwa kipimo. Aliyeibiwa akimwambia mwizi kwamba asiporudisha kitu atashtakiwa polisi, tishio na dai vina uhusiano wa haki. Lakini mtu akijua kosa la mwenzake lisilomhusu, kisha akadai alipwe ili anyamaze, tishio lake halina msingi huo, hata kama kila neno atakalolisema ni la kweli.

Mwaka 2019 kiliongezwa kifungu cha 243 kuhusu 'psykisk vold', ukatili wa kisaikolojia, kinachomhusu anayemdhalilisha au kumsumbua mara kwa mara mtu wa karibu naye kwa namna inayofaa kumtawala isivyo haki. Mtunga sheria hakutumia neno 'tvang'. Kibano cha seremala hubana kwa tendo moja linaloonekana, lakini katika nyumba za namna hii hakuna tendo moja la kuelekezea kidole. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2015 ilikabili hali inayokaribiana na hiyo kwa kulipanua neno 'coercive' likahusu mwenendo mzima. Lugha moja ilipanua neno la kale, nyingine ikatumia jingine.

6.0 Kiingereza na picha zilizofichika

Maneno makuu ya Kiingereza katika uwanda huu yalitoka Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa. 'Coercion' linatokana na kitenzi cha kufungia ndani au kuzuia, 'compulsion' na kile cha kuswaga, na 'extortion' na kile cha kusokota mpaka kitu kitoke. 'Duress' lina asili ya ugumu. Picha hizo zilikuwa hai kwa Mrumi. Kwa msemaji wa leo ni sauti tu. Hakuna kinachomwonyesha kwamba 'extortion' ni nguo inayokamuliwa maji.

Kiingereza kina pia neno 'blackmail', lililotumika kwanza mipakani mwa Uskoti na Uingereza katika karne ya 16 kutaja malipo ambayo wakulima walitozwa na wababe ili mifugo yao isiporwe. Sehemu yake ya mwisho haina uhusiano na barua. Ilitoka katika Kinorsi cha Kale, 'mál', maneno au mapatano, na ni ndugu wa 'mål' inayopatikana katika neno la Kidenmaki 'modersmål', lugha ya mama. Kidenmaki chenyewe hakina jozi hii: 'extortion' na 'blackmail' zote mbili ni 'afpresning'. Hata wasemaji wa Kiingereza hawakubaliani. Sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 huliita 'blackmail' dai lolote lisilo haki linaloambatana na vitisho, pamoja na vitisho vya ukatili. Marekani 'extortion' ndilo neno pana zaidi. Orodha inayosema tu kwamba 'afpresning' ni 'extortion' haijakosea, lakini haijamwambia mfasiri ni Kiingereza cha mahakama ipi.

7.0 Kiswahili katika ngazi hiyo

Kiswahili hakikosi maneno kwa mambo haya. 'Shinikizo' lilitaja chombo cha kugandamizia au kukamulia kabla ya kuzoeleka katika siasa na tiba, na hivyo linabeba kwa pamoja kazi za 'tryk' na 'pres'. 'Lazimisha' na 'shurutisha' yana mizizi ya Kiarabu: la kwanza linatokana na kinachohitajika, la pili na sharti. 'Kumtenza mtu nguvu' ni usemi wa zamani unaokaribia sana 'tvinge', kwa kuwa unataja nguvu zenyewe.

Hata hivyo, nguvu kubwa ya Kiswahili katika uwanda huu imo katika minyambuliko. 'Lazimishwa' humwita mtendaji: aliyelazimishwa amelazimishwa na mtu. 'Lazimika' haimwiti yeyote. Hii ni tofauti ileile iliyopo baina ya 'blive tvunget' na 'være nødt til'. Fikiria binti anayesema mbele ya mkalimani, 'Baba mdogo alinilazimisha niolewe.' Hapo ametaja mtu na tendo, na kisawe ni 'tvang'. Akisema, 'Nililazimika kuolewa,' ametaja hali tu. Huenda ilikuwa njaa, vita au upweke. Akisema, 'Walinishinikiza,' ametaja 'pres', ambalo peke yake si kosa. Mkalimani anayezitafsiri kauli zote tatu kwa neno moja aweza kuzua shtaka lisilokuwapo, au kulizima lililokuwapo. Lililo jema ni kutafsiri kauli kama ilivyosemwa, na kumwachia mhoji jukumu la kuuliza ni nani, kwa tishio gani, na kwa faida ya nani.

Kwa 'afpresning' Kiswahili hutumia maelezo, kama vile 'kudai mali kwa vitisho'. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, lugha ina neno lenye picha ileile ya Kidenmaki. Kitenzi 'kama' ni kubana kwa mkono, hasa chuchu ya mnyama ili maziwa yatoke; 'kamua', kilichonyambuliwa kutokana nacho, ni kubana mpaka kilichomo kitoke nje. Kazi inayofanywa na 'af' mwanzoni mwa neno la Kidenmaki hufanywa na kiambishi cha mwishoni katika Kiswahili. Watu husema tayari kwamba fulani 'anakamuliwa fedha'. Inapendekezwa basi kwamba 'ukamuaji kwa vitisho' lifikiriwe kama istilahi ya kosa hili, na neno 'unyang'anyi' libakie kwa utwaaji wa papo hapo, kama 'røveri'. Istilahi ya namna hiyo ingeeleweka kwa mkulima kama inavyoeleweka kwa hakimu.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba ngazi ya shinikizo katika Kidenmaki ina vidato vinavyotambulika: kusihi kwa 'nøde', kusukuma kwa 'pres', kubana kwa 'tvang' na kukamua kwa 'afpresning', na kwamba tishio, 'trussel', ndilo nyenzo inayomvusha mtu kutoka kidato halali hadi kisicho halali. Umeonyesha pia kwamba visawe vya Kiingereza ni msaada wa mwanzo tu, kwa kuwa mipaka yao hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kuingia katika uwanda huu kama mgeni, kwa kuwa minyambuliko ya lugha yake humwezesha kusema ni nani aliyebana, nani aliyebanwa, na nini kilichotoka. Akiitumia kwa uangalifu, aliyelazimishwa atasikika kuwa amelazimishwa, na asiyelazimisha hatahukumiwa kwa kosa la kamusi.